Kujenga kumbukumbu inayotafutwa kwa maudhui juu ya FPGA: shajara ya mradi, Arusha

12 Februari 2024: Lengo na hesabu za mwanzo

Kumbukumbu ya kawaida hupewa anwani ikarudisha data. Hii tunayoijenga juu ya FPGA, yaani chipu ambayo saketi zake za ndani hupangwa upya na mtumiaji, hupewa data ikarudisha anwani, na hufanya hivyo kwa kuilinganisha data hiyo na maingizo yake yote kwa wakati mmoja. Mafundi wa mitandao huiita CAM, na aina yake inayokubali biti za "haijalishi" (zinazolingana na 0 na 1 pia) huitwa TCAM. Ndani ya ruta kubwa ndiyo inayoamua, kwa kila pakiti, itokee mlango upi. Ni kama mtu asimame katikati ya Soko la Kilombero aulize kwa sauti ni nani mwenye mbegu za maharage, na mwenye nazo ajibu kwa kutaja namba ya kizimba chake: jibu hupatikana papo hapo, lakini soko zima limelazimika kusikiliza.

Hapo ndipo penye gharama. Seli ya SRAM, kumbukumbu ya kawaida ya ndani ya chipu, ina transista 6, ilhali seli ya TCAM ya muundo uliozoeleka ina takriban 16, kwa sababu huhifadhi biti mbili na kubeba sakiti yake yenyewe ya kulinganisha. Juu ya hilo, kila utafutaji huchaji na kumwaga laini za jedwali zima, hata kama ingizo linalotakiwa ni moja tu, kwa hiyo ukiongeza maingizo mara mbili bila kubadili muundo, umeme wa kila utafutaji nao huelekea kuongezeka mara mbili. Ndiyo maana nafasi za TCAM hutolewa kwa ubahili. Ubahili huo ulionekana wazi tarehe 12 Agosti 2014, pale jedwali la dunia la njia za IPv4 (anwani za mtandao za biti 32) lilipovuka njia 512K, yaani zaidi ya laki tano, na ruta za zamani ambazo TCAM zake zilikuwa zimetengewa nafasi hizo tu zikaanza kuyumba. Leo jedwali hilo lina njia zaidi ya laki tisa.

Karakana yetu ya Njiro haishindani na namba hizo. Lengo ni maingizo 128 ya biti 32 kila moja, yenye "haijalishi", yanayoweza kujibu utafutaji mmoja kwa kila pigo la saa ya chipu, ndani ya chipu tunayoweza kuinunua na kwa Yosys, nextpnr na IceStorm, programu huria zinazogeuza maelezo ya saketi kuwa mpangilio wa FPGA. Matumizi yatakuwa kuchuja na kuelekeza trafiki ya mtandao wa ofisi. Baada ya hapo tutaona uwezo unaweza kukuzwa kwa kiasi gani, na ni nini kitakacholipwa kwa ajili hiyo.

26 Februari 2024: Jaribio la bredibodi

Kabla ya kugusa FPGA tuliunda maingizo manne ya biti 8 kwa chipu za kawaida: 74HC574 kuhifadhi thamani na 74HC688 kulinganisha. Chipu zilitoka Nairobi zikapitia Namanga kwa basi, na pamoja na bredibodi mbili (bodi za kuchomeka vipuri bila solda) zilitugharimu shilingi 46,000.

Saketi iliwaka vizuri pale ambapo ufunguo wa utafutaji ulibadilishwa kwa swichi, biti moja baada ya nyingine. Ulipobadilishwa biti nane kwa pamoja kutoka kwenye Raspberry Pi Pico, bodi ndogo ya kidhibiti, maingizo yasiyolingana yalitoa mapigo mafupi ya "nimepata". Sababu zilikuwa mbili, nazo zilikuwa zimefunikana. Kwanza, vilinganishi vyote vilibadilika kwa wakati mmoja, na mkondo huo wa ghafla ulitikisa volti ya ardhi kwenye nyaya ndefu za bredibodi. Kapasita ya nF 100 karibu na pini za umeme za kila chipu ilituliza sehemu kubwa. Pili, biti nane za ufunguo hazifiki kwa wakati mmoja kamwe, na katikati ya safari yake ufunguo hupita kwenye thamani nyingine ambazo huenda zikalingana kweli na ingizo fulani. Hilo halitibiwi kwa kapasita. Tiba yake ni kutosoma matokeo moja kwa moja, bali kuyachukua kwa rejista, yaani kihifadhi kinachosoma kwa pigo la saa, baada ya muda wa kutulia.

Anayefuata shajara hii anaweza kuiruka hatua hii, ingawa kuona kwenye oskiloskopu jinsi vilinganishi vinne tu vinavyoitikisa ardhi kunaeleza tatizo la umeme wa CAM kuliko maelezo mengi. Kwa maingizo 128 ya biti 32 tungehitaji vilinganishi 512 na rejista 512. Tuliishia hapo.

18 Machi 2024: Rejista ndani ya FPGA, na kwa nini tuliziacha

Bodi ya FPGA ya iCE40-HX8K ilifika, na bei yake pamoja na usafirishaji na kodi ilikuwa shilingi 238,000. Chipu ina seli za mantiki 7,680 na bloku 32 za kumbukumbu, kila moja ya kilobiti 4.

Njia ya kwanza inayomjia kila mtu ni kuhamishia bredibodi ndani ya chipu: rejista na vilinganishi. Hesabu iliikataa kabla ya kuandika mstari wa Verilog, lugha ya kueleza saketi. Ingizo lenye "haijalishi" linahitaji flipu-flopu 64 (kila moja huhifadhi biti moja), yaani 32 za thamani na 32 za kifuniko kinachoonyesha biti zipi ni "haijalishi", hivyo maingizo 128 ni flipu-flopu 8,192, na seli zote za chipu hazifiki hapo. Tulijaribu nusu yake, maingizo 64. Flipu-flopu ni 4,096. Kulinganisha biti moja kunatumia thamani, kifuniko na ufunguo, hivyo LUT (jedwali dogo la mantiki ndani ya kila seli) yenye njia nne za kuingilia hutosha biti moja tu, na pamoja na kuunganisha matokeo ni takriban LUT 43 kwa ingizo. Kwa kuwa katika familia hii flipu-flopu hulishwa na LUT ya seli yake yenyewe, viwili hivi haviwezi kukaa seli moja iwapo havina uhusiano. Jumla ilikaribia seli 6,850.

nextpnr ilifanikiwa kuipanga, lakini kila biti ya ufunguo ililazimika kufika kwenye LUT 64 zilizotapakaa chipu nzima, na kasi iliyoripotiwa haikukaribia MHz 48 tulizozitaka. Kuongeza rejista kwenye njia za ufunguo kungesaidia kasi na kula seli zilizobaki. Muundo huu unafaa kwa maingizo machache sana, na tutaukumbuka pale tutakapohitaji jedwali dogo la pembeni.

22 Aprili 2024: Jedwali lililogeuzwa

Njia inayofaa kwa FPGA ni kuacha kulinganisha kabisa. Ufunguo wa biti 32 hukatwa vipande vinne vya biti 8. Kila kipande huwa anwani ya kusoma kwenye bloku yenye mistari 256 ya mlalo na safu 16 za wima, na kila safu ni ingizo moja. Biti iliyo kwenye makutano ya mstari na safu hujibu swali moja tu: je, ingizo hili linakikubali kipande chenye thamani hii?

Chukua ingizo namba 5 linaloshikilia 10.20.0.0/16, yaani anwani zote ambazo biti 16 za mwanzo ni 10.20. Katika jedwali la kipande cha kwanza, safu ya 5 ina 1 kwenye mstari wa 10 pekee. Katika jedwali la pili, kwenye mstari wa 20 pekee. Katika la tatu na la nne, safu ya 5 ina 1 kwenye mistari yote 256, na hivyo ndivyo "haijalishi" inavyoandikwa. Anwani 10.20.7.9 ikiingia, tunasoma mstari wa 10, wa 20, wa 7 na wa 9 kwa wakati mmoja, tunaunganisha mistari hiyo minne kwa AND (hubaki 1 pale tu mistari yote ina 1), na safu ya 5 inabaki imewaka. Hakuna kilinganishi hata kimoja.

Bloku nne hutoa maingizo 16, kwa hiyo bloku 32 hutoa maingizo 128 kamili na hakuna bloku inayobaki. Namba ya mlango wa kutokea tumeiacha kwenye Pico. Chipu hurudisha namba ya ingizo tu. Bei ya muundo huu ni biti 32 za kumbukumbu kwa kila biti 1 ya ufunguo iliyohifadhiwa, kwa maana kipande cha biti 8 kinadai mistari 256. Kipande cha biti 4 kingedai biti 4 tu kwa kila biti, lakini bloku za chipu hii haziwezi kuwa fupi kuliko mistari 256, hivyo ufupi huo usingetuokolea chochote.

Kosa lililotuchelewesha zaidi lilikuwa kwenye kuandika. Bloku za iCE40 zina pini za MASK zinazoruhusu kuandika biti moja ya mstari bila kugusa jirani zake, jambo ambalo linafaa mno hapa. Pini hizo hufanya kazi kinyume na matarajio: 0 huruhusu kuandika, 1 huzuia. Sisi tulikuwa tumeandika modeli yetu wenyewe ya bloku kwa ajili ya uigaji, yaani kuijaribu sakiti kwenye kompyuta, na modeli hiyo ilibeba dhana ileile iliyokuwa kwenye sakiti, hivyo uigaji ulipita majaribio yote huku bodi ikijibu upuuzi. Kuingiza ingizo la 5 kuliacha safu ya 5 ilivyokuwa na kuandika juu ya safu 15 zilizobaki. Dalili ilikuwa kwamba ingizo la mwisho kuandikwa ndilo pekee lililokosekana wakati wote. Tiba ni kutupa modeli ya nyumbani na kuiga kwa faili la cells_sim.v linalokuja na Yosys. Kosa lilionekana katika uigaji wa kwanza baada ya hapo.

13 Mei 2024: Kuandika bila kusimamisha utafutaji

Kufuta ingizo ni rahisi: kila ingizo lina biti yake ya uhalali kwenye flipu-flopu, na kuizima ni pigo moja la saa. Kuandika ndiko kunakolipia wepesi wa kusoma. Mashine yetu hupita mistari yote 256 ya majedwali manne kwa pamoja, na kwenye kila mstari huandika 1 au 0 kwa mujibu wa thamani na kifuniko cha ingizo jipya. Kwa njia hiyo hatuhitaji kukumbuka kilichokuwapo, kwani kila mabaki hufutwa na upitaji huohuo. Kwa MHz 48 upitaji mmoja ni mikrosekunde 5.3.

Kwa kuwa bloku zina mlango wa kusoma na wa kuandika, utafutaji huendelea wakati wa upitaji, na hapo ndipo ingizo lililoandikwa nusu lilipoanza kukubali anwani zisizo zake. Kuzima biti ya uhalali kabla ya kuanza na kuiwasha baada ya kumaliza kuliondoa majibu ya uongo, lakini kuliacha pengo: njia inayorekebishwa hutoweka kwa mikrosekunde hizo, na pakiti huangukia kwenye kiambishi (sehemu ya mwanzo ya anwani inayotambulisha njia) kifupi zaidi, ambacho huenda kinaelekea mlango mwingine kabisa. Sasa ingizo jipya huandikwa kwanza kwenye safu tupu, kisha uhalali wa jipya huwashwa na wa zamani kuzimwa katika pigo lilelile. Gharama yake ni safu moja ambayo lazima ibaki tupu daima.

Mpangilio ulileta taabu nyingine. Anwani moja inaweza kulingana na maingizo kadhaa, na kanuni ya ruta ni kwamba kiambishi kirefu hushinda. Kisimbaji chetu, sehemu inayotoa namba ya ingizo moja kati ya yaliyolingana, huchagua namba ndogo, hivyo viambishi virefu hukaa mwanzoni. Kuingiza /24 kwenye jedwali lililojaa kulisukuma kila kilicho chini yake. Tulipunguza hilo kwa kutambua kwamba viambishi vya urefu mmoja havigombani, hivyo inatosha kuhamisha kimoja kutoka kila kundi la urefu: cha mwanzo wa kundi kinakwenda mwishoni mwa kundi lake, na nafasi tupu inapanda hatua kwa hatua. Katika hali mbaya kabisa ni uhamisho mmoja kwa kila urefu, si kwa kila ingizo.

Kisimbaji cha kipaumbele cha njia 128 hakikufikia kasi kikiwa kipande kimoja. Kimegawanywa makundi 8 ya njia 16, rejista katikati. Jibu hutoka mapigo machache baadaye, ila kila pigo hupokea ufunguo mpya.

Umeme wa masika umetufanyia majaribio bila kuombwa. Kila ukikatika, jedwali hupotea lote. Kuandika upya maingizo 128 ni mapigo 32,768, yaani chini ya milisekunde moja. Kinachochelewesha ni waya wa mfululizo kutoka Pico kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, unaochukua takriban sehemu ya kumi ya sekunde.

17 Juni 2024: Kuamsha bloku zinazohitajika tu

Muundo wa Aprili husoma bloku zote 32 kwa kila utafutaji. Kijana aliye nasi kwa mafunzo kwa vitendo aliuliza, akiwa anaangalia mchoro ukutani: "Mwalimu, bloku za vipande vya nyuma tunazisoma za nini, kama kipande cha kwanza kimeshakataa?" Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kuanza kuandika.

Sasa pigo la kwanza husoma bloku 8 za kipande cha kwanza. Kundi la maingizo 16 ambalo halikuwasha hata safu moja halali haliamshwi. Bloku tatu zilizobaki za kundi hubaki na RE yake (pini ya kuruhusu kusoma) imezimwa. Likiamka kundi moja, bloku zilizosomwa ni 11 badala ya 32. Wabunifu wa CAM za silikoni hufanya jambo la aina hiyohiyo kwa kulinganisha biti chache kwanza na kuchaji laini zilizobaki pale tu biti hizo zinapolingana.

Mambo matatu yaliharibika. La kwanza lilijificha vizuri. Bloku za vipande vya pili hadi vya nne sasa husomwa pigo moja baadaye, kwa hiyo vipande hivyo vya ufunguo vilihitaji kucheleweshwa pigo hilo, lakini havikucheleweshwa. Majaribio ya ufunguo mmoja mmoja yalipita, kwa kuwa ufunguo ulibaki umetulia kwenye njia. Funguo zilipoingia mfululizo, kichwa cha anwani moja kiliunganishwa na mkia wa anwani iliyofuata. Yeyote anayejenga kitu cha aina hii aandike majaribio yanayobadilisha ufunguo kila pigo tangu siku ya kwanza.

La pili ni njia ya msingi, 0.0.0.0/0. Ingizo hilo hukubali kila kipande cha kwanza, hivyo kundi lake halilali kamwe, na vivyo hivyo viambishi vilivyo vifupi kuliko /8 huamsha makundi yao mara nyingi mno. Njia ya msingi imetolewa nje ya jedwali na kuwa jibu linalotolewa pasipopatikana ulinganifu wowote.

La tatu lilikuwa la mpangilio. Ili makundi mengi yalale, viambishi vyenye okteti (fungu la biti 8) ya kwanza inayofanana vinapaswa kukaa pamoja, ilhali sheria yetu ya Mei ilivipanga kwa urefu katika jedwali zima. Mgongano huo uliisha tulipoona kwamba mpangilio wa urefu una maana kwa viambishi vinavyopishana tu, na viambishi vya /8 au zaidi vyenye okteti tofauti ya kwanza havipishani kamwe. Kwa hiyo urefu hupangwa ndani ya okteti, na uhamisho wakati wa kuingiza umepungua zaidi ya tulivyotarajia.

Kwenye mita, tofauti ya mkondo kupitia USB inaonekana lakini ni ndogo, maana taa za bodi, chipu ya USB na vidhibiti vya volti hula sehemu isiyobadilika. Kipimo cha maana ni cha njia ya volti 1.2 inayolisha kiini cha chipu peke yake, na hadi kipatikane sitaandika asilimia yoyote hapa.

8 Julai 2024: Kuelekea chipu kubwa

Bodi ya Colorlight 5A-75B hutengenezwa kwa ajili ya kuendesha mabango ya LED, lakini ndani yake kuna ECP5, FPGA kubwa zaidi, yenye LUT elfu 24 na bloku 56 za kilobiti 18, pamoja na milango miwili ya gigabiti. Tumeipata kwa shilingi 72,000 kutoka kwa fundi wa mabango hapa mjini.

Bloku hizi zina mistari 512 ya biti 36, kwa hiyo kipande cha asili ni biti 9 na bei imepanda hadi karibu biti 57 kwa biti. Biti 32 hugawanyika 9, 9, 9 na 5, na kipande cha mwisho kingetumia mistari 32 kati ya 512, upotevu ambao hauvumiliki. Mpango wa kwanza wa bloku nne kwa kila maingizo 36 ungetoa maingizo 468 na kuacha bloku 4 za kuhifadhi pakiti. Kipande cha biti 5 kikihamishiwa kwenye kumbukumbu ndogo za LUT, kila kundi linadai bloku tatu, na makundi 17 hutoa maingizo 612 huku bloku 5 zikibaki. Hilo ndilo tunalolijenga.

Kilichopotea ni MASK. ECP5 huruhusu kuandika kwa mafungu ya biti 9, si biti moja, hivyo kubadilisha safu moja huandika juu ya jirani zake nane. Kusoma mstari, kurekebisha na kuurudisha kungenyang'anya mlango wa kusoma unaotumiwa na utafutaji. Kwa kuwa Pico ina nakala ya jedwali zima, tumeamua kwamba kila badiliko lipeleke maingizo tisa ya fungu hilo, na mashine ihesabu biti zote tisa kwenye kila mstari. Thamani za jirani zinaandikwa upya zikiwa zilezile, kwa hiyo utafutaji wake hauathiriki. Upitaji sasa ni mapigo 512.

Kikwazo kilichopo mezani ni cha solda. Pini za bodi hupitia chipu za 74HC245 zinazotoa ishara tu bila kuingiza, hivyo Pico haiwezi kuipa data yoyote. Tunaondoa mbili na kuweka SN74CBT3245A zinazopitisha pande zote. Pini zake zinalingana. Njia za shaba chini ya chipu ya kwanza zilianza kunyanyuka kwa joto la pasi ya solda, kwa hiyo ya pili itakatwa miguu kwanza kwa koleo dogo, kisha kila mguu utolewe peke yake. CBT kumi kutoka Nairobi zimegharimu shilingi 31,000, na ziko njiani.